Shamba Lililo Ghorofani: Safari ya Terrat

Msafiri aendaye Arusha kwa mara ya kwanza huambiwa mambo mawili kabla hajapanda basi: achukue sweta, na asijisumbue kubeba chakula, kwani huko kila kitu huota chenyewe. Maneno hayo ni ya kweli kwa yule ambaye safari yake inaishia Ilboru, Sekei au Tengeru, ambako maji huteremka kwa mifereji kutoka Mlima Meru, na migomba imesongamana na mibuni hata jua likakosa pa kupenya. Lakini Arusha ina uso na ina kisogo. Safari yangu ilikuwa ya kisogoni, katika Kata ya Terrat, kusini mwa jiji, ambako nilikuwa nimeambiwa kwamba yupo bibi mmoja mwenye shamba juu ya ghorofa.

Nilikwenda mwishoni mwa Septemba, wakati kiangazi kimekwisha kukomaa na mvua za vuli zimo bado midomoni mwa watu tu. Kutoka katikati ya mji nilipanda kifodi, kama wenyeji wanavyoyaita magari madogo ya abiria, na baada ya kuivuka barabara ya mchepuo ilizungukayo jiji kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, nikashuka na kumalizia safari kwa bodaboda. Kadiri tulivyozidi kuteremka ndivyo kijani kilivyozidi kutuaga. Kwanza ilitoweka migomba, kisha mibuni, kisha nyua za miti mibichi, mpaka tukabaki na migunga iliyosimama mbali mbali, vumbi la rangi ya majivu, na upepo usio na adabu.

Sababu ya tofauti hiyo si siri. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, umesimama kama mlinzi mlangoni mwa ghala. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi huugonga, zikapanda, zikapoa, na kuimwaga mvua yao katika miteremko ya kusini na mashariki. Mji wenyewe, ulio kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hupata fungu jema. Uwanda ulio chini ya mji hupata makombo. Ndiyo maana tangu zamani huko juu wameishi Wameru na Waarusha walimao, na huku chini wakazunguka Wamasai na Waarusha wafugao.

Siku hizi mgawanyo huo wa kale unavunjika mbele ya macho. Mabango ya viwanja vinavyouzwa yamepigiliwa katika migunga. Nyumba za matofali ya saruji zinainuka kando ya maboma. Nilimwona kijana mwenye shuka jekundu akiswaga mbuzi baina ya ukuta wa mabati na lundo la kokoto, na huku simu iko sikioni. Wanaohamia huku ni walimu, madereva, mafundi na wachuuzi wa sokoni: watu ambao kodi za katikati ya mji zimewasukuma nje, na watu ambao kwao mlimani ardhi imekwisha.

KARIBU SHAMBANI

Nyumba niliyokuwa nikiitafuta ni ya ghorofa moja, yenye familia za wapangaji sita. Sikuhitaji kumwuliza mtu. Roshani zote za juu zilikuwa na rangi ya saruji, zimetandazwa nguo na mikeka; moja tu ilikuwa ya kijani toka ncha hadi ncha, kana kwamba kipande cha Tengeru kilikatwa kwa kisu kikaletwa huku kwa mkokoteni.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Anaishi hapo na mumewe ambaye ni dereva wa lori, na watoto wao wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka mitatu. Tena anaishi na mama yake mzazi, bibi anayekaribia umri wa miaka themanini, na huyo ndiye mwenye shamba.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Pita, karibu shambani. Lakini tazama miguu yako, usije ukanikanyagia mnavu.”

Nikatazama miguu yangu. Roshani ile ina urefu wa hatua saba na upana wa hatua mbili. Nilihesabu ndoo nane za rangi za lita 20, madebe mawili, beseni lililopasuka ukingoni, sufuria kuukuu iliyotoboka, na viroba viwili vya unga vilivyokunjwa midomo. Jumla ni vyombo kumi na vinne. Ndani yake mlikuwa mna mnavu, mchicha, sukuma wiki, vitunguu vya majani, giligilani, mche mmoja wa nyanya uliofungwa kwenye chuma cha roshani kwa utepe wa kanga, na shina la mchaichai. Kanuni za kilimo cha mijini zilizotungwa nchini 1992 zilimruhusu mkazi wa mji kulima hadi eka tatu. Shamba la Bibi huyu, ukilikusanya lote, halifiki ukubwa wa kitanda cha watu wawili.

Hata hivyo analiita shamba, na baada ya kumsikiliza sikuthubutu kuliita vinginevyo.

ARDHI

Bibi huyu ni Mmeru, na Mmeru wa rika lake hana haja ya kusomewa kitabu ili ajue maana ya ardhi. Mwezi Novemba 1951, alipokuwa mtoto mdogo wa kubebwa, serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ili pawe mahali pa walowezi wa Kizungu kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakaamriwa wahamie King'ori. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha zao, wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet mpaka New York, na katika 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda huko huko kuisemea Tanganyika nzima. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao wakati ule. Lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kusikia kwamba mwananchi wa kawaida aweza kumshtaki mkoloni mbele ya dunia, na katika Julai 1954 TANU ilipozaliwa, mbegu hiyo ilikuwa tayari imo udongoni.

Bibi haikumbuki siku ya moto. Anakumbuka masimulizi ya mama yake, ambaye alipoondoka hakuchukua kiti wala chungu. Alichukua mbegu, akazifunga katika pindo la nguo.

Alipokua aliolewa katika miteremko ya kusini, kwenye migomba na maji ya mfereji. Hapo alilima kwa miaka zaidi ya hamsini. Mumewe alipofariki, shamba liligawanywa kwa watoto wa kiume, kisha watoto hao wakaanza kuwagawia wana wao, hata kila mmoja akabaki na kipande ambacho ukisimama upande huu waweza kumrushia jirani ndizi upande wa pili. Wajukuu wakatawanyika: mmoja Mererani kwenye Tanzanite, wengine Dar es Salaam. Bibi akabaki peke yake na maradhi ya presha. Siku aliyoanguka mferejini, ikapita nusu saa kabla mtu hajamwona, binti yake akaja kumchukua.

“Miezi ile ya kwanza,” aliniambia, “nilikuwa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Nimeketi tu. Kila mtu anapita, hakuna anayeniuliza kitu.”

Binti yake aliongeza jambo ambalo mama huyo hakulisema. Alikuwa ameacha kula. Asubuhi alikigeuza kiti kuelekea kaskazini, ambako mlima huonekana wazi kabla mawingu hayajaufunika, na hapo angekaa mpaka mchana. Hospitali walimpima wakasema dawa zake ni zile zile. Basi siku moja mjukuu mkubwa alileta ndoo ya rangi aliyoiokota kwenye nyumba inayojengwa jirani, akitaka kuifanya ngoma. Bibi akamwomba. Akaitazama kitakoni, akaigonga, akauliza kama nyumbani mna msumari.

NAMNA YA KUFANYA

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi katika vyumba visivyo na hata ua wa kuanikia nguo, kwa hiyo nilimwomba Bibi anieleze kazi yake hatua kwa hatua.

Chombo ni cha kwanza. Kisiwe kilichopata kubeba dawa ya wadudu, mafuta ya gari wala kemikali yoyote. Ndoo ya rangi ya maji yafaa baada ya kusuguliwa na kuachwa juani. Matundu ni lazima, matano au sita kitakoni, mapana kama kidole kidogo, kwani mmea wa kwenye kopo hufa kwa kuzama upesi kuliko unavyokufa kwa kiu. Wengi hujaza kokoto chini ya chombo wakidhani zinasaidia kuchuja maji. Hakika yake kokoto hizo hula nafasi ya mizizi tu. Kipande cha chandarua kikuukuu juu ya matundu chatosha kuuzuia udongo usitoroke.

Udongo mtupu haufai, maana ukimwagiliwa ndani ya ndoo hushikamana kama tofali. Bibi huchanganya mafungu mawili ya udongo, fungu moja la samadi iliyokwisha kuoza na fungu moja la mchanga au pumba za mpunga. Hapa Terrat imempa kitu ambacho mlimani kilikuwa adimu: samadi ya mbuzi na ng'ombe imejaa katika maboma, na jirani mmoja mfugaji humjazia kiroba kwa malipo ya sukuma wiki. Samadi mbichi huunguza mizizi, kwa hiyo hukaa miezi mitatu imefunikwa, ikinyunyiziwa maji, hata ipoteze joto na harufu.

Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mnavu huhitaji wiki tano au sita, nao haung'olewi bali hukatwa juu, uchipue tena. Sukuma wiki ikifika wiki ya saba huchumwa majani ya chini tu, na shina moja huweza kulisha nyumba kwa miezi mingi. Vitunguu vya majani havimalizi zamu. Nyanya ndiyo yenye makuu: inataka chombo chake peke yake, mti wa kuegemea, na mlinzi. Tangu 2014 mkoa huu umesumbuliwa na mdudu mgeni atobaye majani na matunda ya nyanya, ambaye wakulima wamempa jina la Kantangaze, kwa sababu akiingia kwako habari zako zitaenea mpaka sokoni. Bibi hukagua majani kila asubuhi, akiona jani lenye mchirizi mweupe hulichuma na kulichoma jikoni. Vidukari huwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo.

Viroba vina ufundi wao. Katikati ya kiroba husimamishwa kopo lisilo na kitako, likajazwa mawe madogo, na udongo ukatiwa pembeni. Kisha kopo huvutwa juu, mawe yakabaki, likajazwa tena, mpaka panapatikana nguzo ya mawe toka chini hadi juu. Maji yakimwagwa juu ya mawe hufika kote. Ubavuni hutobolewa matundu na kila tundu huwekwa mche. Namna hii imewasaidia watu wengi Nairobi, katika mtaa wa Kibera, ambako ilienezwa kuanzia 2008 baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi kuvuruga upatikanaji wa chakula. Mahali ambapo nyumba zimebanana hata pasiwe na nafasi ya ufagio, watu walilima wima.

MAJI

Lakini ni heri niseme wazi kwamba katika Terrat shida kubwa si udongo. Ni maji. Nayo ina sura mbili.

Sura ya kwanza ni uhaba. Maji ya bomba yakikatika hununuliwa kwa madumu, na mtu hawezi kununua maji ya kumpa mchicha ilhali watoto wana kiu. Sheria ya nyumba hii ni kwamba mimea hunywa maji yaliyokwisha kufanya kazi: yaliyooshea mchele, yaliyosuzia mboga na matunda, yaliyosuzia vyombo kabla ya sabuni. Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga hayafiki roshani. Vyombo vyote kumi na vinne hutumia nusu dumu kwa siku, na Bibi hufunika udongo kwa majani makavu ili jua lisimnyang'anye kabla mizizi haijapata.

Sura ya pili haionekani kwa macho mpaka mtoto atabasamu. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina madini ya floraidi, na maji yapitayo humo huyabeba mpaka visimani na mabombani. Kiasi kidogo huimarisha meno. Kikizidi huyapaka meno rangi ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa ya miguu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa muda mrefu Tanzania iliruhusu kiasi kikubwa kuliko hicho, maana vyanzo vingi vya kaskazini visingefaulu mtihani wa kwanza. Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikuwa na shabaha ya kuongeza maji na pia kuipunguza floraidi hiyo; na huko Ngurdoto kipo kituo ambacho kwa miaka mingi kimetafiti namna ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mtoto mkubwa wa mwalimu, yule wa miaka minane, ana meno yenye mabaka. Amejifunza kucheka huku akiziba mdomo kwa kiganja. Mama yake alinieleza hayo kwa sauti ya chini, kama mtu aungamaye kosa, ingawa kosa si lake.

“Nilikuwa nayachemsha, ndugu yangu. Nilidhani nikiyachemsha sana nayasafisha.”

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki ile ile ndani ya maji machache zaidi. Tena magadi yatiwayo katika maharage ili yaive upesi nayo huongeza mzigo huo, vivyo hivyo chai kali. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kiasi cha miaka minane, kwa hiyo aliye hatarini sasa ni yule mdogo. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Katika masika familia hii hukinga maji ya bati na kuyahifadhi katika madumu yaliyofunikwa, kwa ajili ya kunywa mtoto huyo peke yake, na wakati wa kiangazi humnunulia maji yaliyochujwa. Magadi yamepigwa marufuku jikoni. Mimea haiguswi na maji hayo ya mvua. Bibi ndiye mlinzi wa madumu, na anayajua yalipo kama karani ajuavyo daftari lake.

UGOMVI

Nisingekuwa mwaminifu kwa wasomaji kama ningelieleza shamba hili bila kueleza jinsi lilivyoponea chupuchupu.

Miezi michache kabla ya ziara yangu, mama anayeishi chumba cha chini alianika shuka nyeupe. Bibi akamwagilia asubuhi. Maji ya rangi ya samadi yakatiririka kutoka kwenye matundu, yakapita ukingoni mwa roshani, yakaandika juu ya shuka zile maneno ambayo sabuni haikuweza kuyafuta. Haikuwa mara ya kwanza. Mama huyo akampigia simu mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaja, akaona ukuta wake uliochorwa michirizi, akatoa wiki moja vyombo vyote viondoke.

Bibi alilisikia neno hilo akiwa ndani. Jioni alifunga nguo zake katika kanga. Akamwambia binti yake kwamba makopo yakiondoka, naye anaondoka. Afadhali akafie kwenye mfereji wake kuliko kugeuziwa kiti ukutani. Mwalimu hakulala. Alijua kwamba mlimani hakuna wa kumpa mama yake dawa asubuhi na jioni, na alijua pia kwamba mama yake hatishii watu kwa mzaha.

Kesho yake alikwenda kwa balozi wa shina. Zipo siku hizi sauti za kusema kwamba mabalozi wamepitwa na wakati. Balozi wa hapa ni mzee fundi viatu. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akaketi chini ya ngazi, akawaita wote watatu, na kabla ya kuuliza lolote akaomba aletewe ile shuka.

Kila upande ulikuwa na haki yake. Mama wa chini hakuwa mwenye roho mbaya. Alikuwa mtu anayefua kwa maji ya kununua. Mwenye nyumba naye alikuwa na hoja moja nzito kuliko ile ya ukuta. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufikia kilo 30, na kiroba kikubwa kilichojaa chaweza kuuzidi uzito wa mtu mzima. Ukivipanga vyote kwenye ukingo wa roshani umeubebesha ukingo huo mzigo ambao fundi hakuuhesabu. Msomaji anayetaka kuanza bustani ya namna hii alizingatie sana jambo hilo: vyombo vizito vikae kwenye kitako cha ukuta wa nyumba, vyepesi ndivyo viende ukingoni, na katika nyumba kuukuu au yenye nyufa mtu asithubutu.

Shauri likamalizika hivi. Viroba vikubwa vilivyokuwako vikateremshwa chini, vikawekwa nyuma ya choo penye jua. Vilivyobaki juu ni vidogo viwili, na ndoo zikasogezwa ukutani. Kila chombo kikapata kinga chini yake, kifuniko cha ndoo au sahani iliyomeguka. Kumwagilia kukahamishiwa jioni, baada ya nguo kuanuliwa. Mwalimu akanunua chokaa, mumewe akaupaka ukuta. Mama wa chini akapewa viroba viwili kati ya vile vilivyoteremshwa, na Bibi akaamriwa amfundishe.

Nilipomkuta mama huyo alikuwa akikagua mchicha wake kwa jicho la mtu aliyezaliwa shambani. Shuka yenye madoa ameifanya pazia la jikoni.

MBOGA ZA MASKINI

Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilitamka kwamba siasa ni kilimo, na ukame ulipoleta njaa katikati ya miaka ya sabini, wananchi wa mijini waliitwa nao washike jembe katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wazee wetu wanakumbuka mahindi yaliyosimama mbele ya ofisi na kando ya reli. Miji ya leo haina tena viwanja hivyo vya wazi. Ila haja haijaondoka: uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kudumaa huko hutokana na mambo mengi, na moja kati ya hayo ni sahani yenye ugali mwingi na kitoweo cha jina tu.

Mnavu na mchicha kwa miaka mingi zimeitwa mboga za maskini, na aliyepata mshahara aliharakisha kuziacha. Huko jirani na Tengeru, Kituo cha Mboga cha Dunia kilifungua tawi lake la Afrika katika 1992, na wataalamu wake pamoja na wa taasisi ya utafiti wa mazao ya bustani ya Tengeru wakazirudia mboga hizo hizo. Katika 2011 ziliidhinishwa aina mpya: mnavu uitwao Nduruma na uitwao Olevolosi, majina ya sehemu za huku huku, na mchicha uitwao Madiira. Majani yake ni mapana na huchelewa kutoa maua, hivyo mchumaji hupata zaidi. Nilipomweleza Bibi kwamba mboga yake imeandikwa katika vitabu vya wataalamu, hakushangaa.

“Walichelewa,” alisema. “Lakini karibu wao.”

Chakula cha mchana tulikula ugali kwa mnavu uliopikwa kwa maziwa. Mnavu hutaka kuiva barabara, na matunda yake mabichi hayaliwi. Uchungu wake mdogo hubaki ulimini kama neno la mzee: hulipendi papo hapo, lakini njiani unalikumbuka. Yule mtoto mdogo alikula akaomba tena. Wa miaka minane aliniuliza kama huko Dar es Salaam watu wana roshani, na nilipomjibu kwamba ziko nyingi kuliko za Arusha, aliuliza zimepandwa nini. Nikacheka ili nisijibu.

KUAGANA

Jioni mawingu yaliachia mlima. Ulitokea wote, mkubwa na wa rangi ya samawati, na jua likaangaza ubavu wake wa magharibi. Bibi alikuwa amekwisha kusimama na kopo la maziwa lenye matundu madogo, akimwagilia chombo kimoja baada ya kingine, mgongo wake akiwa ameupa mlima. Binti yake alinigusa bega ili nione jambo hilo. Kile kiti kilichokuwa kikigeuzwa kaskazini kilikuwa kimewekewa beseni la vitunguu.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba vyombo kumi na vinne vimeondoa dhiki ya nyumba ile. Wananunua unga, wananunua mafuta, wananunua maji. Mboga za roshani zinatosha siku nne kati ya saba, na katika Julai yenye baridi hazitoshi hata tatu. Ardhi ya mlimani haitaongezeka kwa sababu mtu amejaza udongo katika debe. Lakini fedha iliyokuwa ikienda kwa mboga siku hizo nne ndiyo inayonunua maji yaliyochujwa ya mtoto mdogo, na dawa za presha zinamezwa kwa wakati, kwa kuwa mwenye kuzimeza ana kazi ya kuamkia.

Nilipoaga niliomba mche wa mnavu nikaupande Dar es Salaam. Bibi alikataa.

“Kwenu kuna joto, mwanangu. Utanililia huko. Chukua hii.”

Akafungua kitambaa kilichokuwa kimefungwa mara mbili, akanihesabia mbegu za mchicha kiganjani, nyeusi na ndogo kama baruti, akanionya nisizifukie chini sana. Kisha akaichukua leso yangu, akazitia humo, na kuzifunga pindoni kwa fundo ambalo nilihangaika kulifungua nilipofika nyumbani.

Ndoo nimeipata. Matundu nimekwisha toboa.